Mwisho Alioutafsiri Jastini

Mimi si mtu wa kulia kwenye filamu. Nimefiwa na mume, nimelea watoto wawili kwa cherehani ya miguu hapa hapa kijijini kwetu, chini kidogo ya Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa hiyo mzungu akifa kwenye televisheni sioni kwa nini chozi langu limtoke. Hata hivyo, tangu mwaka juzi nimetazama filamu na kusoma vitabu kuliko mwalimu yeyote wa huku. Aliyenitia katika kazi hiyo ni wifi yangu Kalista, mke wa kaka yangu Cuthbert.

Kalista ni Mmatengo wa Mbinga, binti wa watu wa kahawa, Mkatoliki. Kaka alimwoa akamshusha huku ziwani, akawa anasali nasi Kianglikana huku rozari yake iko mfukoni. Maji anayaogopa mpaka leo. Haogi ziwani, huteka ndoo yake akaogea uani, na miaka ile tulimcheka sana, mimi nikiwa wa kwanza. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Romanus, aliyepewa jina la babu yake wa milimani. Alirefuka akampita baba yake kwa kichwa kizima. Kila akiingia kwangu aligonga paji la uso kwenye mlango, kisha akalaumu mlango.

Romanus alivuka kwenda kisiwani Likoma kwenye arusi ya ndugu zetu. Wakati wa kurudi upepo wa mwera uliwakuta katikati, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wote waliokotwa, wengine wakiwa hai na wengine wakiwa maiti, isipokuwa yeye. Wanaume walitafuta hadi Mbamba Bay, wakauliza hadi upande wa Msumbiji. Ikasikika kwamba kuna kijana mrefu ameonekana Kobwe. Wakaenda Kobwe, wakamkuta ni mrefu kweli, lakini ni wa kwao.

Katika ukoo wetu mtu akipotea majini tunazika mgomba. Baba wa marehemu anakata shina lenye urefu wa mtoto wake, linavishwa sanda, padri anasali, na kilio kinaisha. Kabla ya hapo baba hanyoi nywele wala halali kitandani. Analala kwenye mkeka, chini. Kaka yangu alifuata hayo yote bila kunung'unika, akisubiri mke wake akubali mazishi, kwa sababu bila mama kukubali mgomba haukatwi.

Kalista akakataa.

"Zikeni mgomba wenu," alisema mbele ya wazee, bila hata kuwaamkia. "Mwanangu akirudi mtamwambia kaburi lile ni la nani?"

Wazee walikasirika, wakaondoka. Kaka akarudi kwenye mkeka wake, juu ya sakafu ya saruji, na ilipofika Juni, baridi ya ziwani ikaingia kifuani mwake. Akaanza kukohoa. Hospitali walimwambia asilale chini. Alimjibu daktari, "Ahsante," akaja kulala chini. Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu duniani, kaka yangu arudi kitandani kwake. Na ili arudi kitandani, Kalista alipaswa kukubali kwamba mtoto amekufa.

Badala ya kukubali, Kalista alianza kuja kwangu kutazama filamu. Nina televisheni ya sola, na fundi wa simu hunijazia filamu kwenye flashi. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani anatafuta kupumzisha kichwa. Kumbe alikuwa na haja yake. Alitaka filamu ambayo ndani yake kuna mtu aliyepotea.

Za Kihindi zilimfaa mno. Wahindi hawana mtu anayepotea moja kwa moja. Ndugu wakitenganishwa sokoni wangali watoto, ujue mmoja atakuwa polisi na mwingine jambazi, na watatambuana kwa wimbo aliowaimbia mama yao. Niliwahi kumwambia Kalista kwamba India ina watu wengi mno kwa wimbo mmoja kutosha. Hakucheka. Za Kinaijeria zikamchosha, maana kule aliyepotea huwa amefichwa na shangazi mchawi, na shangazi wa Romanus ni mimi. Za kwetu za Dar akazikataa kabisa: kila mtu anafia hospitalini, daktari anavua miwani, anasema tumejitahidi.

Vitabu vikawa hivyo hivyo. Mimi ni msomaji. Nikisubiri mteja huwa na kitabu juu ya cherehani, na nasoma chochote kinachoangukia mkononi, hata cha ufugaji wa nyuki. Yeye alinitaka nimsimulie kila nilichosoma, lakini alianza kwa kuuliza mwisho. Nikimwambia mtu fulani aliyedhaniwa kafia vitani anarudi kwenye sura ya mwisho akiwa na masharubu, Kalista anatabasamu, anasema endelea. Nikimwambia harudi, anakumbuka ana ugali jikoni. Nilianza kuwachukia waandishi. Wako raha mstarehe, wanamrudisha mtu kwa kalamu, na huku kwetu kuna mwanamke anayewaamini.

Kisha ikaja filamu ya Jastini.

Jastini ni kijana mwenye banda la video hapa kijijini, ametoka Kitai, alijifunzia kazi katika banda la jirani na stendi ya mabasi. Anapunguza sauti ya televisheni, anashika maikrofoni, na kila anachosema mtu wa kwenye filamu yeye anakitia Kiswahili hapo hapo. Wazungu anawapa majina ya kwetu. Jambazi lazima awe na jina la mwenyekiti wa kijiji. Watu humpenda kuliko filamu zenyewe, na siku akiumwa mafua banda halijai.

Siku ile aliweka filamu ya nchi ya baridi, wavuvi wamevaa makoti mazito, ukungu mpaka mlangoni. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mmoja wa kiume, nyumba yake ina mlango wa buluu, na uani ana bata bukini kilema ambaye humfuata kila anapokwenda. Mtoto anakwenda baharini, chombo kinavunjika. Mama anakataa msiba. Kila jioni anaweka sahani ya mtoto mezani, majirani wanamcheka. Kalista alikuwa pembeni yangu kwenye benchi, na tangu ile sahani ilipowekwa aliacha kupumua kama watu wengine. Mwishoni chombo kinafika, anashuka kijana mwenye ndevu, mkononi ameshika sweta jeupe. Anakwenda hadi mlango wa buluu. Mama anafungua, anamtazama, anampapasa uso wote kwa vidole, kijana anasema neno, mama anamwangukia kifuani.

"Mama, nimerudi," alisema Jastini kwenye maikrofoni, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Ni mimi mwanao. Mungu ni mwema, nimerudi."

Banda zima likapiga makofi. Kalista alinibana mkono mpaka pete ikaniumiza. Nilipogeuka nikamwona kaka yangu amesimama mlangoni, nywele zake zimetimka, amemfuata mkewe amrudishe nyumbani. Alikuwa anajifuta pua kwa mkono wa shati. Nikadhani ni kile kifua.

Baada ya siku ile hapakuwa na mtu wa kuzungumza na Kalista habari za mgomba. Hata kaka mwenyewe aliacha kuutaja. Nilidhani amechoka kubishana. Akawa anashuka ufukweni asubuhi na mapema, anakaa, anarudi jua likiwa kali, anakohoa, analala kwenye mkeka.

Msimu wa kahawa ulipofika nilipanda na Kalista kwenda Mbinga, tukamsaidie kaka yake Polikarpo kuchuma. Siku moja parokiani walikuwa wanatoa nje vitabu vilivyoingiwa na mchwa, anayetaka achukue. Nilijaza kapu. Kimoja hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, ni kitabu cha zamani, Kiswahili cha wamisionari, kile cha kusema "akamjibu, akisema". Nilianza kukisoma wakati wa kushuka, gari linapita kona zile za milimani, Kalista amelala begani kwangu. Ukurasa wa tatu nikakutana na mlango wa buluu. Wa nne, bata bukini mwenye mguu mbovu.

Sikuwahi kusoma kitabu kwa hofu namna ile. Nilifika mwisho kabla hatujaliona ziwa. Yule kijana mwenye ndevu siye mtoto. Ni mwenzake, aliyeshikilia naye ubao mmoja majini usiku kucha mpaka mwenzake akachoka akaachia. Amekuja kuleta sweta alilolifuma yule mama, kwa sababu aliahidi. Anasema, "Mimi siye, mama. Nimeleta hili." Na mama anampapasa uso kwa kuwa huo ndio uso wa mwisho ambao mwanawe aliuona.

Nilikifunga. Kalista alikuwa bado amelala, mdomo wazi, kichwa kinagonga bega langu kwenye kila shimo. Nilimwonea huruma mpaka nikapata hasira. Nilikuwa na dawa ya kaka yangu ndani ya kapu, na dawa yenyewe ilikuwa ya kumuua huyu.

Nilikaa na kitabu kile siku kadhaa. Halafu usiku mmoja nilimsikia kaka anakohoa, na nyumba yake haiko karibu na yangu. Kesho yake mchana nikaenda na kitabu.

Kalista alikuwa uani anageuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwenye chanja. Kaka alikuwa barazani juu ya mkeka, anamenya muhogo. Nilimwambia wifi kwamba nimepata ile hadithi ya mlango wa buluu, imeandikwa kitabuni, asikie.

"Mwisho naujua," akasema. "Soma tu."

Nikasoma. Nilisoma tangu ile sahani, na sauti yangu niliifanya ya kawaida, kama ninayesoma matangazo ya kanisani. Aliendelea kugeuza usipa mmoja mmoja. Nilipofika mlangoni nikasoma maneno yalivyo. "Mimi siye, mama. Nimeleta hili."

Mikono yake ikasimama.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

Kunguru alishuka akachukua usipa pembeni yake, hakumfukuza. "Nililiona lile sweta," akasema mwishowe. "Siku ile ile bandani nililiona. Mtoto anayerudi kwa mama yake na sweta alilofumiwa, na kule ni baridi, si analivaa? Yeye alilishika mkononi. Nikajiambia labda limelowa." Akajifuta mikono kwenye kanga. Hakulia, na mimi ndiye niliyekuwa nalia, mimi nisiyelia kwenye filamu. "Baba Romanus, waite wazee. Mgomba ukatwe."

Nilimgeukia kaka. Nilitarajia kuona mtu aliyetuliwa mzigo. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya muhogo.

"Hicho kitabu kimeandikwa na nani?" aliniuliza.

"Sijui, kaka. Hakina jalada."

"Basi hakina mwenyewe. Jastini tunamjua, ana jina, ana kwao. Na tuliona wote kwa macho, kijana ameshuka, mama amemkumbatia. Nawe unatuletea maneno ya mtu asiyejulikana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima nilikuwa napigana na tumaini la Kalista, kumbe lilihama bila mimi kuona, likaingia kwa kaka yangu siku ile aliposimama mlangoni pa banda.

Nilikwenda kwa Jastini nikiwa nimewaka. Alikuwa anafagia maganda ya karanga bandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile filamu ya mlango wa buluu, ni lugha gani ile?"

Akaacha kufagia. "Kusema kweli, mama, siijui. Kiingereza kidogo nakisikia, lakini ile haikuwa Kiingereza."

"Sasa ulikuwa unatafsiri nini?"

"Natafsiri nyuso. Mama anafungua mlango, anamshika kijana uso, anamwangukia. Wewe ungesema nini?" Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni vumbi. "Mimi mwenyewe niliamini. Nilipokuwa nasema nimerudi, niliamini kabisa."

Nilikuja pale kumtukana, sikumtukana. Nilimwambia hali ya kaka, na kijana hakungoja kuombwa. Alikwenda mwenyewe, akapiga magoti mbele ya mkeka, akamwambia mzee kwamba yale maneno alijitungia. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampiga-piga begani.

"Ulisema vizuri," akamwambia. "Usibadilishe."

Wazee walikuja. Mama amekubali, kilichobaki ni baba kukata, na kaka hakubisha. Aliinuka, akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia anakohoa, halafu panga. Aliporudi na shina begani watu walitazamana. Alilisimamisha kando yake, likamfika kifuani.

Romanus alikuwa anamtazama baba yake kwa kuinama.

"Cuthbert," mzee mmoja akasema taratibu, "hili ni fupi. Kata lingine."

"Zikeni hilo," kaka akajibu.

"Romanus hakuwa hivi."

"Najua alivyo. Ndiyo maana nasema zikeni hilo."

Padri aliangalia chini. Hakuna aliyetaka kulichukua lile panga, maana si kazi ya mwingine. Kalista alisogea. Alilitazama lile shina, na ninaapa alielewa kabla yetu sote kwamba mumewe amekata kitu ambacho hakiwezi kuwa mwanawe, ili kaburini asiwemo. Hakumsema. Alilitandikia sanda mwenyewe, akalifunga toka juu hadi chini, na kwa kuwa lilikuwa fupi sanda ilibaki, akaikunja mara mbili miguuni, vile tulivyokuwa tunamfunika Romanus alipokuwa mdogo. Tukazika. Tuliimba, na mimi niliimba vibaya.

Jioni wanawake walimnyoa Kalista. Wanaume wakamletea kaka wembe, akawashukuru, akauweka dirishani. Usiku Kalista alilala kitandani, na kaka akatandika mkeka wake. Wanaishi hivyo mpaka leo, mmoja amefiwa na mwingine bado. Wanakula chungu kimoja. Kalista haji tena kutazama filamu kwangu. Nilimpelekea kitabu kimoja kizuri sana, cha vichekesho, akakirudisha akasema macho yanamwuma. Mimi nasoma bado kwa mazoea, lakini nikikaribia mwisho wa kitabu nakifunga. Sitaki kujua waandishi walichoamua.

Kifua cha kaka sasa kinatoa damu. Daktari ameniambia mimi pembeni, maana yeye akiambiwa husema ahsante. Nilimwendea, nikamwomba kwa jina la mama yetu alale kitandani hata siku moja. Akanijibu kwa upole, "Violet, nikilala pale nimemzika." Nilitoka nikaenda kukaa kwenye cherehani, nikashona pindo la gauni la mtu mpaka nikagundua sindano haina uzi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alimwomba Jastini amwekee ile filamu. Jastini alinitazama. Nikamwambia weka, tutafanyaje? Kaka alikaa benchi la mbele, nami nikakaa nyuma yake. Watu walikuwa wengi na wote walishajua habari ya kitabu, kwa hiyo hapakuwa na kelele. Jastini alitafsiri kama kawaida, ukungu, chombo, sahani mezani, lakini mizaha hakuitia. Kijana mwenye ndevu akashuka na sweta mkononi. Mlango wa buluu ukafunguliwa. Mama akampapasa uso. Kijana akafungua mdomo aseme, na Jastini akashusha maikrofoni. Hakusema kitu. Ikasikika ile lugha yenyewe, chini chini, ambayo hakuna aliyeijua.

Nikaona kaka yangu anajivuta kwenye benchi. Alibana kikohozi.

"Mama, nimerudi," alisema.

Kisha akageuka kututazama, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa ajili ya waliokaa nyuma.